Kadi ya Mtu Mmoja

Kadi za sendofu yangu nilizitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na kila aliyekanyaga dukani kwangu siku zile aliambiwa hivyo kabla hajauliza. Mtu amekuja kutoa kopi ya leseni, anaondoka na kopi yake pamoja na historia nzima ya kadi zangu. Wapo walioanza kuvuka barabara na kutolea kopi kwa jirani. Nikasema wana wivu.

Duka langu ni steshenari ndogo hapa Tunduma, kando ya barabara ya kwenda mpakani, mahali ambapo malori husimama foleni mpaka dereva anapata muda wa kufua soksi na kuzianika kwenye kioo. Wateja wangu ni mawakala wa forodha wenye haraka, madereva waliokwishakata tamaa ya kuwa na haraka, na wanafunzi wanaotaka manila moja kisha wanaikataa kwa sababu imejikunja pembe. Nina mashine ya kopi, mashine ya lamineshini, na mdomo. Kati ya vitatu hivyo, mdomo ndio haujawahi kuharibika.

Nilikuwa naolewa katika umri ambao watu walishaacha kuniuliza. Mchumba wangu ni fundi wa matairi ya malori, Mnamwanga mwenye ndugu nusu upande huu na nusu Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu mpole asiyesema jambo mara mbili. Mimi wazazi wangu walifariki sijaanza hata shule, nikalelewa Isansa, kwenye kahawa za Mbozi, na kaka yake baba, yaani baba yangu mkubwa, na mkewe. Nawaita Baba na Mama, maana sina wengine wa kuwaita hivyo. Posa ilipelekwa kwao, mahari ikapokelewa na wao. Katika sherehe yote, pamoja na keki na muziki na gauni ambalo nilikuwa nimejinyima chapati ili liniingie, nilitaka kitu kimoja tu: Baba asimame mbele ya watu, anishike mkono, anikabidhi. Kila jambo jingine nililipanga na kamati yangu ya watu wa mjini. Hilo sikulipanga, kwa sababu sikudhani kama linahitaji kupangwa.

Kadi za kununua ninaziuza mwenyewe, kwa hiyo ubaya wake naujua. Juu yake kuna bwana harusi na bibi harusi wa kizungu, wanachekeana kana kwamba hawajawahi kukaa kikao cha kamati. Chini kuna nafasi ya kujaza jina la mwalikwa, imetanguliwa na Mhe., Prof., Dkt., Bw. na Bi., nawe unatakiwa kufuta yasiyohusika. Kwa wageni wangu ningemaliza wino kwa kufuta. Nikasema, mimi niliyeshika karatasi miaka yote hii, nitashindwa kukunja moja katikati?

Nilishindwa.

Hakuna anayekwambia mapema kwamba karatasi nene ina njia yake, kama kuni. Kuni ukiipasua kwa kufuata nyuzi inakubali. Ukienda kinyume unajitafutia kidonda. Manila nayo ndivyo ilivyo. Ukiikunja kwa kufuata nyuzi zake, mkunjo unalala laini. Ukiikunja kinyume, unapasuka na kufanya magaga kama kisigino cha mtu aliyelima bila viatu. Kundi langu la kwanza lote lilikuwa na magaga. Mchumba wangu alichukua moja, akaigeuzageuza kwenye vidole vyake vyeusi vya grisi, akaniuliza kwa upole kama nimejaribu kuzipaka mafuta ya mgando. Sikumpikia jioni ile, na nadhani hakuelewa kwa nini.

Baadaye nikajua namna ya kupima. Unakata kipande kidogo, unalowesha upande mmoja, unangoja. Karatasi inajiviringisha kama bomba, na bomba lile linalala kwa kufuata nyuzi. Hapo ndipo unapojua wapi pa kukunja. Na kabla ya kukunja unaweka rula, unapitisha kalamu iliyokwisha wino, mkono usiwe mzito wala mwepesi, ili karatasi ijue mapema inakokwenda. Kalamu zilizokwisha wino ni bidhaa ambayo duka langu halijawahi kupungukiwa. Tatizo ni kwamba kalamu zangu nyingi zilikuwa zimekwisha wino kwa wateja tu. Zilipofika kwenye kadi nyeupe ya sendofu, ziliamka.

Halafu gundi. Gundi ya chupa ina maji mengi, ukiipaka karatasi inafanya mawimbi. Nikasikia kwamba watu wa kushona vitabu hutumia gundi ya kupika, ya unga. Sasa mtu wa Mbozi akisikia unga haulizi unga gani. Nikachukua unga wa mahindi, nikabandika sufuria. Nilianza vizuri, maji mengi na unga kidogo, lakini mkono uliosonga ugali tangu utotoni hauwezi kuuona uji ukauacha uwe uji. Nikaongeza unga kidogo. Nikaongeza moto. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nasonga, na kilichokuwa mbele yangu kilihitaji maharage tu.

Mtu mwenye akili angemwaga. Mimi nililegeza kwa maji ya moto, nikaendelea, kwa sababu nilishamtangazia kila mtu. Na kusema kweli maua yalishika. Nilikuwa nimechagua ua la kahawa, lile jeupe linalofunika matawi baada ya mvua za kwanza, maana nimekua katikati yake na nilitaka mtu akifungua bahasha ajue bibi harusi ametoka wapi. Unakata karatasi nyepesi nyeupe umbo la nyota, kwa mkasi wa kucha, unakunja ncha kwa kuzivuta kidogo kwenye ukingo wa rula, unabandika nyota mbili moja juu ya nyingine, na chini yake unaweka jani la kijani na kipande cha karatasi ya kaki kama tawi. Nikazipanga kadi kwenye boksi chini ya kaunta, nikafunga duka nikiwa najipenda sana.

Panya wa Tunduma wamezoea magunia ya mahindi yanayosubiri kuvuka mpaka. Harufu ile wanaijua. Asubuhi nilikuta wamekula maua yote pamoja na gundi yake, ua kwa ua, kwa uangalifu ambao hata mimi sikuwa nao wakati wa kuyabandika. Kadi zenyewe hawakuzigusa. Mchumba wangu alikuja, akatazama, safari hii hakusema kitu kabisa, na hilo lilinikera zaidi kuliko mafuta ya mgando.

Kwa hiyo, kwa faida ya watu wa mahindi wenzangu: ni unga wa ngano. Unaukoroga kwanza kwenye maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo unaupeleka kwenye moto mdogo, unakoroga mpaka ung'ae, unauepua na kuuacha upoe, unauchuja kwa kitambaa. Unapaka kidogo kuliko unavyoona inatosha. Kadi ikishabandikwa inalala chini ya uzito mpaka ikauke, vinginevyo inajipinda. Mimi nilitumia ubao na kiroba cha mchele wa Kamsamba tulichokuwa tumekiweka kwa ajili ya pilau ya sherehe. Mchele ule ulifanya kazi kabla haujapikwa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu baadhi ya wanakamati.

Za pili zilitoka nzuri. Nasema hivyo bila aibu, kwa kuwa aibu inakuja mbele. Dereva mmoja kutoka Zambia, aliyekuja kutoa kopi za hati za mzigo, aliokota moja kwenye kaunta akaomba kununua ampelekee mkewe. Nikamwambia haziuzwi, nikampa moja iliyokosewa pembe. "Natotela, mayo," akasema, yaani asante mama, kisha akaenda kuichomeka kwenye kioo cha lori, pale ambapo soksi zilikuwa zimekauka. Lori lilisimama kwenye foleni mbele ya duka langu mchana kutwa na kadi yangu ikiwa kiooni. Nilitoka nje kulitazama kila nilipopata kisingizio. Kichwa kilivimba, hata kitambaa nilikifunga upya.

Ndani ya kila kadi nilibandika karatasi ya maneno niliyoitoa kwenye mashine yangu. Zilikuwa za aina mbili: kadi ya watu wawili na kadi ya mtu mmoja, kama ilivyo kawaida ili chakula kitoshe. Chini kabisa niliandika: "Tafadhali fika na kadi hii. Bila kadi hakuna kuingia." Sentensi hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Katika mji wetu harufu ya pilau huwavuta hata watu waliokuwa wanapita tu kwenda kubadilisha kwacha, na mimi sikutaka mtu ale pilau yangu bila kwanza kulitazama ua.

Ya Baba niliiacha iwe ya mwisho, ili mkono uwe umeshakomaa. Nilitaka ipite zote. Unapoifungua, tawi la kahawa linasimama lenyewe. Siri yake si kubwa. Unakata mistari miwili inayolingana kwenye mkunjo wa karatasi ya ndani, unasukuma kile kipande cha katikati kiingie ndani kifanye ngazi ndogo, na unachotaka kisimame unakibandika kwenye ile ngazi. Kadi ikifungwa kinalala, ikifunguliwa kinaamka. Ila kisiwe kirefu kuliko kadi, la sivyo ukifunga kinachungulia nje. Cha kwangu kilichungulia mara nyingi kabla hakijakubali kutulia.

Ilipofika zamu ya kubandika karatasi ya maneno, nikakuta za watu wawili zimekwisha. Nyingi niliziharibu siku ambayo wembe na rula havikuelewana. Zimebaki za mtu mmoja. Mashine ya kopi ilikuwa hatua chache kutoka nilipokaa. Lakini gundi ilikuwa inakauka, nami nikajiambia Baba anajua, nikabandika ya mtu mmoja. Juu nikaandika jina lake kwa mwandiko ambao simwandikii mtu mwingine, nikampa dereva wa Noah inayokwenda Isansa, nikamwonya asiweke kitu juu yake. Sikwenda mwenyewe. Nilikuwa na kazi ya kukunja kadi za kwaya.

Siku zikapita bila neno. Nilikuwa nasubiri sifa, kwa hiyo kila simu ilipoita nilisafisha koo kwanza. Hatimaye akapiga Mama.

"Kadi tumeipata, mwanangu," akasema. "Nzuri sana. Baba yako anauliza atakaa meza gani."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

"Na anauliza sherehe inaisha saa ngapi, ili asije akawachosha wenyeji."

"Wenyeji gani tena, Mama?"

"Si ninyi?" Alisema bila ukali wowote, na hapo ndipo kicheko kilipoanza kunikauka. "Shati ameshapiga pasi. Mimi nitabaki na kuku. Imeandikwa mtu mmoja."

"Mama, sasa nani atanikabidhi?"

"Hilo sijui, mwanangu. Halikuandikwa."

Kwetu mzazi haalikwi. Mzazi huendewa. Unakwenda kwake, unakaa chini, unamletea siku kwa mdomo wako mwenyewe, na akishaipokea, yeye ndiye anayealika watu. Kadi ni ya wageni. Ukimpa mtu kadi umemwambia aje, ale, apige makofi, arudi kwake. Jambo hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na wasichana wadogo kuliko mimi hawajawahi kulikosea, kwa kuwa wao wananunua kadi za wazungu kwa dakika moja na wanabaki na nafasi kichwani. Mimi nilikuwa nimejaa manila. Nilikuwa nimetumia Jumapili kadhaa kutengeneza kitu kizuri cha kumwambia Baba yangu kwamba ni mgeni, na kwamba mkewe asije.

Nilimsimulia mchumba wangu nikiwa nimekaa kwenye tairi pale kijiweni kwake. Akasikiliza mpaka mwisho huku akiifuta mikono.

"Kesho funga duka uende," akasema.

"Za kwaya hazijakauka."

"Funga duka uende," akasema tena, na kwa kuwa ni mtu asiyesema jambo mara mbili, nilielewa hali yangu.

Nilipanda gari mpaka Vwawa, kisha bodaboda. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba sukari, chumvi, na shali ya Mama. Karatasi sikubeba hata ya kufungia sukari. Njiani nilikuwa natunga maneno, na kila nilipopata sentensi nzuri nilitamani kuiandika mahali, nikaona aibu.

Baba alikuwa kwenye kichanja cha kahawa nyuma ya nyumba, anachambua punje mbovu. Kwa kawaida nikifika nyumbani pale hakuna anayenikaribisha. Naambiwa nimechelewa, naonyeshwa ndoo, habari za safari natolea kisimani. Safari hii Baba aliponiona alijifuta mikono, akaja kunipokea mzigo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Karibu. Karibu sana."

Ile "sana" haikuwa ya watu wa nyumbani. Akageuka kuelekea jikoni akaita kwa sauti ya heshima, "Mama, tuna mgeni."

Wakanitolea kiti cha mchungaji. Ni kiti kimoja chenye kitambaa kilichofumwa, ambacho utotoni nilichapwa kwa kukikalia, na sasa nilibembelezwa nikikalie. Mama alikwenda mwenyewe kwenye kioski kuninunulia soda. Baba akakaa upande wa pili, miguu pamoja, akaniuliza habari za Tunduma, kama foleni ya malori imepungua, kama upepo unasumbua. Aliniuliza kama naelewana vizuri na hali ya hewa ya huko. Kila nilipofungua mdomo kuingiza jambo langu, alinikaribisha soda. Nilikunywa soda ile kama dawa ya minyoo. Na kabatini, nyuma ya kioo, karibu na redio, kadi yangu ilikuwa imesimamishwa wazi, tawi limeinuka, maua yote yapo. Ilikuwa nzuri kweli. Nilitamani panya wa Isansa wangekuwa na bidii kama wa Tunduma.

Sina uvumilivu, kila anayenijua atakwambia. Nikaiweka chupa chini, nikavua viatu, nikatoka mpaka kwenye kichanja nikaanza kuchambua. Baba alinifuata taratibu, akasimama upande wa pili wa kichanja.

"Mgeni hafanyi kazi," akasema.

"Mimi si mgeni, Baba."

"Hata mimi nilijidhania hivyo."

Maneno niliyoyatunga kwenye bodaboda yote yakayeyuka. Nikalia. Sikulia kwa heshima, kwa kitambaa, kama bibi harusi anavyotakiwa. Nililia kwa kelele, pua na macho, nimeinama juu ya kahawa ya watu. Nilikuwa namwogopa, nilikuwa nampenda, na nilikuwa nimemkosea kwa gundi niliyoichuja vizuri.

Baba akaniacha kidogo, halafu akasema, "Inua uso. Hiyo kahawa inatakiwa ikauke."

Kukaripiwa hakujawahi kuniburudisha namna ile. Nikainua uso, nikajifuta kwa kiganja, nikaendelea kuchambua, naye akaendelea upande wake. Akaniambia zile mbovu nisizitupe chini, kuku wanazikanyagia ndani. Nikasema sawa, Baba. Mama akapita na ndoo, akaniambia nikimaliza hapo maji hayapo.

Tulipoingia ndani sikukalia kiti. Nilikaa kwenye mkeka, nikawaomba wote wawili wanisikilize. Nikasema nimekuja kuwaletea siku, na kwamba naomba wao wawili wasimame wanikabidhi, maana mimi sina wengine. Baba akauliza ni siku gani, ingawa kadi ilikuwa kabatini inaitaja kwa herufi kubwa. Nikamtajia. Akafikiri. Akamgeukia Mama, akamuuliza kama anaiona siku hiyo inafaa. Mama naye akafikiri, akahesabu mambo ya kanisani na ya kuku. Kisha wakasema inafaa.

Hapo ndipo Mama alipoifuata kadi kabatini. "Tawi limeanza kulegea," akasema. "Baba yako anaifungua kila akija mtu. Wazee wa kanisa wameiona, wanunuzi wa kahawa wameiona. Mwenye pikipiki aliyeleta mbolea kaonyeshwa."

"Gundi yake dhaifu," Baba akasema, akitazama pembeni.

"Ni ya ngano, Baba."

"Ungetumia ya mahindi."

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu gundi ya mahindi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze habari ya kadi, nilinyamaza.

Alipokuwa ananisindikiza barabarani alinirudishia ile kadi. "Hii mpe mgeni," akasema. Ina jina lake, haiwezi kupewa mtu mwingine, na yeye alilijua hilo. Niliitia kwenye pochi, nikarudi Tunduma, nikamaliza za kwaya.

Siku ya sendofu mlangoni mwa ukumbi tulimweka mlinzi wa kukodi, mtu mpana aliyevaa miwani myeusi. Nilikuwa nimemwelekeza mwenyewe siku moja kabla. Nilimwonyesha kadi halisi ilivyo, nikamwonyesha ua, nikamfundisha namna ya kutambua mkunjo wangu ikiwa mtu atatokea na kadi ya kughushi, kana kwamba kuna mtu angekesha anakata maua ya kahawa kwa mkasi wa kucha kwa ajili ya sahani ya pilau. Nikamwambia bila kadi asiingie mtu, hata awe nani. Alikuwa mtu msikivu. Sikuona kasoro yoyote kwake.

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari lililopambwa, kioo wazi, nikisubiri muziki wa kuingilia, nilipoona watu wa Isansa wanashuka kwenye Noah. Walikuwa na kadi zao, wakazionyesha, wakaingia. Nyuma yao akaja Baba amevaa koti lake la kanisani, na Mama na shali yake. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Mzee, kadi."

"Sina," Baba akasema.

"Na mama?"

"Naye hana."

"Bila kadi hakuna kuingia, mzee. Ni agizo la mwenye sherehe."

Niliyatambua maneno yangu, neno kwa neno. Nikaukamata mlango nifungue, gauni likawa limebanwa, nikavuta likagoma, nikabaki nusu nimekaa nusu nimeinama, siwezi kutoka wala kurudi. Shela ilinifunika mdomo. Nilijaribu kuita, nikaitafuna.

Baba hakukasirika. Aliliweka koti lake sawa, akamtazama yule mlinzi kuanzia viatu mpaka miwani.

"Na wewe unayo?" akamuuliza.

"Kadi? Hapana, mzee. Mimi niko kazini."

"Hata mimi," Baba akasema.

Mlinzi akavua miwani. Alifikiri kidogo, akatazama orodha ambayo hakuwa nayo, akasogea pembeni. Lakini Baba hakuingia. Aligeuka, akaja mpaka kwenye gari, akafungua mlango uliokuwa unanibana, akalitoa gauni taratibu kama mtu anayemtoa kuku kwenye wavu. Akanipa mkono wake. Mama akasimama upande wangu wa pili, akaivuta shela ikae mahali pake, akaniambia nifumbe mdomo.

Tukafika mlangoni watatu. Mlinzi, mtu mwaminifu, akaitazama mikono yangu kwa mazoea, na mimi nikaitazama pia. Ilikuwa mitupu. Nilikuwa nimetengeneza kadi za mji mzima, mpaka ya kwenye kioo cha lori, na yangu mwenyewe sikuitengeneza.

"Huyu naye hana," Baba akamwambia. "Ni wetu."